Boriti, Manowari na Bwawa: Rufiji katika Historia ya Hesabu za Mkazo

Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya Lamu, Unguja au Maskati haukuamuliwa na mwenye nyumba. Uliamuliwa na mti. Vyumba vile virefu na vyembamba, ambavyo aghalabu havifiki mita tatu upana, vimefuata kipimo cha boriti ya mkoko, na kwa muda mrefu delta ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa machimbuko makubwa ya boriti hizo katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Majahazi yaliingia Simba Uranga, Kikunja na midomo mingine ya mto, yakapakia miti iliyopangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ikahesabiwa kwa korija, kisha yakangoja kusi iyasukume kaskazini hadi Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi ambazo mti wa kuezekea ulikuwa haba.

Juu ya boriti fundi alipanga mawe ya matumbawe, akamimina chokaa na kokoto, na watu wakaipigilia dari hiyo hadi ikashikana. Ni mzigo mkubwa, tena ni mzigo usioondoka. Boriti hupinda kidogo siku ile ile inapobebeshwa, kisha huendelea kupinda polepole mwaka baada ya mwaka, ingawa hakuna aliyeongeza hata jiwe moja. Atakayeinua macho katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja ataiona dari iliyobonyea hivyo. Mafundi walilijua jambo hili bila kuliandika. Hawakuthubutu kutanua chumba, kwa kuwa mti unaobeba vizuri mbele ya baba huenda usibebe hivyo mbele ya mjukuu.

Nimeanza na boriti kwa makusudi. Historia ya namna wahandisi walivyojifunza kuiga kwa kompyuta tabia ya vitu visivyofuata mstari mnyoofu husimuliwa kama historia ya Ulaya na Marekani pekee, na ni kweli kwamba programu zenyewe ziliandikwa huko. Lakini mto Rufiji umo ndani yake kwa zaidi ya miaka mia moja: mti wake, chuma kilichozama ndani yake, tope lake, na sasa zege linaloushika mto wenyewe.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni aliyoipata kwa kuning'iniza uzito kwenye springi. Uzito ukiongezwa mara mbili, springi nayo hurefuka mara mbili. Uzito ukiondolewa, springi hurudi ilivyokuwa. Ukichora mzigo na mrefuko wake kwenye karatasi unapata mstari mnyoofu. Sehemu kubwa ya hesabu za madaraja, mapaa na meli za karne ya 19 ilisimama juu ya mstari huo, na ilisimama vizuri, mradi kitu kisikazwe kupita kiasi. Ila kila kitu kina mahali pake pa kuuacha mstari. Fito mbichi ikikunjwa sana hubaki imekunjika. Chuma hurefuka kwa adabu, kisha hufika mahali kikakubali, na tangu hapo hakirudi. Zege huvumilia kubanwa kwa nguvu kubwa, lakini likivutwa kwa sehemu kama ya kumi ya nguvu hiyo hupasuka. Tope hutegemea maji yaliyomo ndani yake, na hutegemea pia mizigo iliyowahi kulikandamiza zamani. Kwa vitu hivi hakuna jibu la mkato. Ili ujue kitu kilivyo leo, lazima uifuate njia nzima kiliyopita.

Mnamo 1898 serikali ya Kijerumani iliifanya mikoko ya delta kuwa msitu wa hifadhi, na Salale ikawa kituo cha kusimamia ukataji na ushuru. Miaka 16 baadaye Salale ilipata mgeni wa aina nyingine. Manowari Königsberg, yenye urefu wa mita 115 na mizinga 10 ya sentimita 10.5, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha deltani kwa kuwa mitambo yake ilikuwa imeharibika. Vipande vilivyovunjika vilisafirishwa kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, vikarudishwa. Mabaharia walifunga matawi ya mikoko juu ya milingoti ili meli ifanane na msitu. Mwisho wa Oktoba Waingereza waliigundua. Tarehe 10 Novemba wakaizamisha meli yao wenyewe, Newbridge, ndani ya mkondo ili kuufunga. Ilibidi wangoje hadi Julai 1915, walipoleta Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi zinazoweza kupanda mto, pamoja na ndege zilizorushwa kutoka Mafia ili kuelekeza mizinga. Tarehe 6 walishindwa. Tarehe 11 Königsberg ilipigwa hadi nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe.

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kama habari ya vita tu. Mimi naiona pia kama habari ya mabamba ya chuma. Kombora linapogonga ubavu wa meli, mstari wa Hooke unaachwa nyuma mara moja: bamba hubonyea, hunyumbuka, hujikunja pembezoni mwa tundu, na mwisho huchanika. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1913, Richard von Mises, aliyekuwa akifundisha Strassburg, mji uliokuwa chini ya dola ile ile ya Kijerumani iliyoitawala Rufiji, alichapisha kanuni ya kutambua lini chuma kinachokazwa kutoka pande nyingi kwa pamoja kitakubali na kuacha kurudi. Mpolandi Maksymilian Huber alikuwa ameifikia fikra hiyo mwaka 1904, na Mfaransa Henri Tresca alikuwa na kanuni yake tangu 1864. Leo mhandisi akifungua programu ya kupima mikazo, ikamchorea kifaa kwa rangi kutoka buluu hadi nyekundu, nambari iliyo nyuma ya rangi hizo mara nyingi ni ya von Mises.

Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa, ikapandishwa kwenye magurudumu na kuburutwa katika vita vya nchi kavu vya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck. Mmoja upo Ngome ya Yesu, Mombasa, mwingine Pretoria. Mwili wa meli ulibaki mtoni, na katika miongo iliyofuata ukadidimia ndani ya tope. Chuma kilichotengenezwa Kiel kwa hesabu makini kilikuwa kimekalia udongo ambao wakati huo hakuna aliyejua kuuhesabu.

Kanuni ya von Mises ilikuwapo, lakini ilikosa mikono. Inaeleza nukta moja ndani ya chuma. Kitu halisi, chenye matundu, pembe na unene unaobadilika, kina nukta zisizo na idadi, na kila moja inategemea jirani zake. Katika miaka ya 1940 kijana mwenye asili ya Poland, Olgierd Zienkiewicz, alisomea udaktari London chini ya Richard Southwell, na tasnifu yake ilihusu mikazo ndani ya mabwawa ya zege. Alihesabu kwa mkono, akisahihisha nambari za nukta moja baada ya nyingine mpaka zikatulia. Bwawa moja lililokatwa mara moja tu kwa ubavu lilikuwa kazi ya miezi.

Ukombozi ulitoka kwa watengenezaji wa ndege. Mwaka 1956 Turner wa kampuni ya Boeing na wenzake, akiwamo Ray Clough wa chuo kikuu cha Berkeley, walichapisha njia ya kukigawa kitu kwenye vipande vidogo, hasa pembetatu, vilivyounganishwa kwenye mafundo. Ndani ya kila kipande tabia hurahisishwa. Kwenye mafundo nguvu lazima zilingane. Na milinganyo yote hupewa kompyuta iitatue kwa pamoja. Mwaka 1960 Clough aliipa mbinu hiyo jina inalotumia hadi leo. Lakini kilichoivusha kutoka kwenye ndege hadi kwenye kazi za ujenzi hakikuwa daraja wala ghorofa. Kilikuwa bwawa lenye ufa.

Bwawa la Norfork, katika jimbo la Arkansas, lilijengwa miaka ya 1940. Wakati wa ujenzi, mabadiliko ya joto yalilipasua kwa wima, na miaka ikapita watu wakitazama ufa huo bila kujua unaathiri nini. Wahandisi wa jeshi la Marekani waliuliza kama hesabu mpya inaweza kusaidia. Clough na mwanafunzi wake Edward Wilson waligawa sehemu ya bwawa na mwamba wake kwenye pembetatu, wakaweka ufa mahali pake, wakaweka joto, wakaweka maji, na mwaka 1962 wakatoa majibu ambayo hakuna aliyewahi kuyapata kwa mkono: mkazo ukoje karibu na ufa, na bwawa likijaa ufa unafunga au unafunguka.

Tarehe hizo zinanisimamisha kila ninapozisoma, kwa sababu mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake kuhusu bonde la Rufiji, kazi ya majuzuu kadhaa iliyopima mto, udongo na mahali panapofaa kwa mabwawa. Miongoni mwa mahali hapo palikuwa korongo la Stiegler, lililopewa jina la mtu anayesimuliwa kuuawa na tembo hapo mwaka 1907. Yaani mwaka Tanganyika ilipopata uhuru, mto ulikuwa umepimwa kwa ajili ya bwawa kubwa, na hesabu inayolifaa bwawa kubwa ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa upande wa pili wa dunia. Vitu hivyo viwili vilichukua karibu miaka 60 kukutana.

Katika miaka hiyo hesabu ilijifunza mambo mengi, na hapa ndipo kiini cha historia yenyewe kilipo. Vipande vya Clough na Wilson vilifuata mstari mnyoofu: joto likizidi mara mbili, mkazo nao mara mbili. Ufa ulikuwapo kwa sababu waliuweka wao. Kompyuta haikujua kuuzaa. Ili zege lipasuke lenyewe ndani ya kompyuta, mzigo hauwezi kuwekwa wote kwa mara moja. Huongezwa kidogo kidogo. Kwa kila nyongeza programu hubuni jibu kwa kutumia ugumu wa vipande ulivyo wakati huo, kisha hurudi kwenye kila kipande na kukiuliza: kwa mrefuko huu, kanuni yako inaruhusu mkazo kiasi gani? Chuma kilichokwisha kukubali hujibu kwa mkazo mdogo kuliko ule uliobuniwa. Zege lililopasuka hujibu kwa sifuri, au karibu na sifuri. Basi nguvu hazilingani tena kwenye mafundo, na kilichobaki lazima kibebwe na majirani. Programu hurekebisha ugumu, hubuni tena, huuliza tena, kwa njia ambayo asili yake ni ya Isaac Newton, hadi tofauti iwe ndogo ya kupuuzwa. Ndipo nyongeza inayofuata huwekwa. Na kila kipande hubeba kumbukumbu yake: kimekubali kiasi gani, kimepasuka upande upi, kiliwahi kubanwa hadi wapi. Mzigo ukiondolewa, kumbukumbu hiyo haifutiki.

Mwaka 1967 D. Ngo na Alex Scordelis wa Berkeley waliupitisha ufa katikati ya vipande, wakivitenganisha kwenye mafundo. Mwaka uliofuata Y. R. Rashid aliusambaza ufa ndani ya kipande chenyewe: kipande hakiachani na mwenzake, ila hupoteza uwezo wa kuvutwa upande mmoja. Mwaka huo huo Zienkiewicz, sasa akiwa Swansea, na wenzake waliushughulikia mwamba kama kitu kisichokubali kuvutwa kabisa, fikra inayofaa sana kwa mwamba wenye nyufa unaobeba bwawa. Pedro Marcal alifungua kampuni yake ya programu mwaka 1971, ya kwanza kuuza programu ya aina hii kwa ajili ya tabia isiyonyooka. Mwanafunzi wake David Hibbitt, pamoja na Bengt Karlsson na Paul Sorensen, wakaanzisha nyingine mwaka 1978, ambayo programu yake leo hutumika vyuoni na viwandani dunia nzima.

Halafu likajitokeza tatizo lililowanyima watu usingizi. Kwa kawaida, ukigawa kitu kwenye vipande vidogo zaidi, jibu husogea kwenye ukweli. Kwa zege linalopasuka mambo yaligeuka: kila wavu wa vipande ulipofanywa mwembamba, ndivyo zege lilivyovunjika kwa nguvu ndogo zaidi, pasipo mwisho. Sababu ni kwamba ufa ulikuwa unajibana ndani ya safu moja ya vipande, na safu ikiwa nyembamba, nishati ya kuuzaa ufa nayo inapungua hadi karibu na bure. Hakuna ufa wa bure duniani. Mwaka 1976 Arne Hillerborg na wenzake wawili wa Lund, Sweden, walionyesha kuwa zege lina kiasi chake cha nishati kinachohitajika kufungua kila mita ya mraba ya ufa, na kiasi hicho lazima kihesabiwe. Mwaka 1983 Zdeněk Bažant na B. H. Oh waliliingiza wazo hilo kwenye upana wa kipande chenyewe, ili jibu lisitegemee tena mchoraji alipenda vipande vya ukubwa gani. Katika yote niliyoyataja, hatua hii naiheshimu kuliko nyingine, kwa sababu ilitoka kwa watu waliokataa kulikubali jibu zuri la kompyuta walilojua haliendani na zege halisi.

Mtihani mkubwa wa kanuni hizi zote ulikuwa umekwisha kuletwa na ardhi. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 1967 tetemeko lilipiga bwawa la Koyna, India, lenye kimo cha mita 103. Bwawa lilipasuka sehemu ya juu, pale umbo linapobadilika mteremko, lakini halikuanguka. Tangu wakati huo mtu akiandika kanuni mpya ya zege hupeleka Koyna kwenye kompyuta, akatazama kama nyufa zake zitatokea pale zilipotokea kweli.

Rufiji ilikuwa inangoja. Mafuriko ya 1968 yaliwafanya viongozi waamue kuwahamisha wakazi wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya mwinuko, hatua iliyojulikana kama Operesheni Rufiji. Watu walihamishwa mbali na mashamba ya mlau, yale yanayopandwa maji ya mafuriko yanaporudi nyuma na kuacha rutuba, na wengi wakaendelea kushuka bondeni kulima na kulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo cha uhandisi. Mwaka 1975 serikali iliunda RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, na mwaka huo huo Kidatu, kwenye tawi la Ruaha Mkuu, ikaanza kufua umeme. Wataalamu wa Norway waliandika majalada kuhusu Stiegler. Fedha hazikupatikana, na majalada yakakaa kabatini.

Tope ndilo lililotangulia kudai hesabu. Kwa miaka mingi msafiri wa Lindi na Mtwara alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakizidi hakuvuka. Malori yalipanga foleni upande wa Ikwiriri na upande wa pili, nazi na korosho zikioza au kuchelewa soko. Barabara ya Kibiti kwenda kusini ilipita kwenye udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono na masika hugeuka uji. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, likajengwa kwa msaada wa fedha za Kuwait na mfuko wa OPEC, likafunguliwa Agosti 2003. Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi, alilifungua akiwa Rais, na watu wa kusini hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Udongo wa aina hiyo una historia yake ya hesabu. Karl Terzaghi alionyesha mwaka 1925 kwamba mfinyanzi uliojaa maji hauukubali mzigo mara moja: kwanza maji hubeba, kisha hutoka polepole, na udongo hushuka kwa miezi na miaka. Kenneth Roscoe na wenzake wa Cambridge, kuanzia 1958, waliandika kanuni inayokumbuka mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kuukandamiza udongo. Chini ya kiwango hicho udongo ni mgumu, ukikivuka hushuka kwa kasi nyingine kabisa. Waliipa kanuni hiyo jina la mto unaopita mjini mwao. Tope jipya la delta ni changa, halijawahi kubebeshwa kitu, kwa hiyo lina kumbukumbu ndogo sana, na jengo lolote linalowekwa juu yake ndilo mzigo wake wa kwanza. Aliyeiona Königsberg ikididimia hakuhitaji mlinganyo kulijua hilo, ila anayejenga daraja anauhitaji, kwa sababu lazima aseme litashuka sentimita ngapi na kwa miaka mingapi.

Tarehe 12 Desemba 2018 Tanzania ilitia saini mkataba wa bwawa la korongo la Stiegler na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 26 Julai 2019 na mradi ukabeba jina la Julius Nyerere. Mwezi Novemba 2020 mto ulichepushwa. Ukuta uliopanda baada ya hapo una kimo cha zaidi ya mita 130 na urefu wa juu unaokaribia kilomita moja, kwa ajili ya mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024.

Ukuta huo umejengwa kwa zege kavu linalotandazwa kwa matabaka na kushindiliwa kwa rola, kama barabara inayopanda juu badala ya kwenda mbele. Njia hiyo ilikomaa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni ya haraka na hutumia saruji kidogo, lakini inaleta upya swali la Norfork. Saruji ikichanganyika na maji hutoa joto. Tabaka jembamba lingepoa, ila hapa linafunikwa na jingine kabla halijapoa, na ndani ya ukuta mnene hivyo joto hukaa miaka. Uso unapoa na kutaka kusinyaa. Kiini bado ni moto na kinakataa. Mwamba wa chini haupungui wala hauongezeki. Zege huvutwa, na kuvutwa ndiko kusikokubalika kwake. Juu ya hayo, Rufiji ni nchi ya joto, na zege lenye moto tangu linapotandazwa huanza safari hiyo likiwa tayari limepanda.

Ndiyo maana ukuta wa aina hii huigwa tabaka kwa tabaka kabla na wakati wa kujengwa. Ndani ya kompyuta vipande huzaliwa kwa kufuata ratiba ya rola: tabaka la leo halipo kwenye hesabu ya jana. Kila tabaka lina umri wake, na ugumu wake unabadilika kila siku. Zege changa hukubali, huteleza polepole chini ya mkazo, na kwa kuteleza huko hupunguza mvuto ambao ungelipasua. Tabia ile ile iliyozipindisha boriti za Mji Mkongwe hapa ni rafiki. Ukiiondoa kwenye hesabu, unapata nyufa ambazo hazipo. Ukiizidisha, unazificha zilizopo. Mpaka kati ya tabaka na tabaka nao ni dhaifu kuliko zege lenyewe, na maji yanayopenya humo husukuma kwenda juu. Halafu kuna miaka mingi ya mbele. Kariba, kwenye Zambezi, limekamilika tangu 1959, na zege lake linavimba kwa sababu ya mwingiliano wa saruji na kokoto zake, jambo ambalo hakuna mstari mnyoofu ungelitabiri.

Hesabu hizi zote huthibitishwa na bwawa lenyewe linapojaa. Vipimajoto, vipima mwanya na vipima shinikizo la maji vilivyozikwa ndani ya ukuta hutoa nambari, na nambari hizo zikitofautiana na za kompyuta, mhandisi mwaminifu hubadilisha kanuni yake. Miaka ya kwanza ya maji ndiyo yenye kufundisha zaidi, na Rufiji iko ndani ya miaka hiyo sasa.

Aprili 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko Rufiji na Kibiti. Mashamba ya mlau, nyumba na barabara vilifunikwa, watu wakahamia mwinuko. Serikali ilieleza kuwa mvua zilizidi na kwamba bwawa lilipunguza ukali wa maji. Wananchi wengi wa chini waliona maji yaliyofunguliwa kutoka bwawani. Mjadala huo haukuhusu uimara wa ukuta, lakini ulionyesha wazi ni nani anayeishi chini ya hesabu. Mkulima wa Muhoro na mkata mikoko wa Salale sasa wanategemea nambari zilizoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, kuhusu zege wasilolifikia. Wao wenyewe wana elimu ya mto iliyojaribiwa kwa vizazi: wanajua maji ya kawaida yanafika mti upi, na mafuriko ya 1968 yalifika wapi.

Kwa hiyo vipimo vya ukuta vitolewe kila mwaka kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ramani inayoonyesha maji yatafika wapi na baada ya saa ngapi, yakifunguliwa kwa kiwango hiki au kile, ibandikwe kwenye ofisi za kata kuanzia Muhoro hadi Salale na Mbuchi. Iandikwe na wahandisi waliosoma Dar es Salaam wakikaa na wazee wa delta, na ibandikwe kabla ya masika, wakati bado kuna muda wa kuhamisha mpunga na kuinua dungu.